Ruta inawaka, koneksio haiko: tafuta palipokatika kabla ya kushika sindano

Jumamosi moja asubuhi alinipigia simu mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ambaye barazani kwake ana meza ya kompyuta na mashine ya kuchapishia. "Papa, ile mashine ilikufa. Taa zinawaka lakini koneksio haiko." Nikamwomba asiguse kitu mpaka nifike. Akanyamaza kidogo. "Kadogo alishaifinya na sindano."

Hapo nikajua kazi moja imezaa ya pili. Sindano ikiingia kwenye kile kitundu cha nyuma na kushikiliwa sekunde kumi hivi, ruta inasahau kila ilichofundishwa, pamoja na jina na nenosiri ambavyo fundi wa mtoa huduma aliviingiza siku ya kufunga. Ofisi ya mtoa huduma wake ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Mama akakaa siku mbili bila wateja, na hitilafu yenyewe, nitakayoieleza mbele, ilikuwa ya kumalizwa kwa sekunde tano.

Kwa hiyo hapa sindano inakuja mwisho kabisa. Intaneti ya nyumbani ni mnyororo. Simu yako imeshikana na ruta kwa waifai. Ruta imeshikana na kifaa cha mtoa huduma, ambacho ni kisanduku cha faiba, dishi la juu ya paa, au kadi ya SIM iliyo ndani ya ruta yenyewe. Kifaa hicho kimeshikana na mtoa huduma, naye ndiye anayekutoa hadi duniani. Kwa kawaida pete iliyokatika ni moja. Tunazipima moja baada ya nyingine, tukianzia mkononi mwako.

1. Nani hana intaneti?

Kabla hujainuka kwenye kiti, angalia kama fofe, yaani kifurushi chako cha intaneti, haijaisha. Nimeshapanda paa za watu na kushuka mikono mitupu, kumbe malipo yaliisha usiku wa jana.

Kisha zima data ya simu. Usiiruke hatua hii. Simu za sasa zikiona waifai haina intaneti, zinahamia kimyakimya kwenye data ya SIM. Kuna nyumba moja Kampemba nilikuta baba anaapa kwamba ruta ni nzima na mtoto anaapa kwamba imekufa. Mtoto ndiye alikuwa na haki: baba alikuwa anakula mega zake mwenyewe bila kujua.

Data ikiwa imezimwa, jaribu vifaa viwili au vitatu. Ikiwa simu moja tu ndiyo inayokataa na nyingine zinafanya kazi, ruta yako haina kosa. Kwenye simu hiyo chagua kusahau mtandao wa waifai, halafu ingia upya na nenosiri. Angalia na tarehe. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya saa imechoka hurudi miaka mingi nyuma kila umeme ukikatika, na kurasa salama zote zinaikataa kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika. Mtu anadhani intaneti imekufa, kumbe kompyuta inaishi mwaka mwingine.

Ikiwa waifai haionekani kwenye simu yoyote, nenda kwenye umeme, hatua ya pili. Ikiwa inaonekana na vifaa vyote vinashikana nayo lakini hakuna kinachofunguka, pete yako ya kwanza ni nzima na tatizo liko mbele zaidi.

Katikati ya hizo kuna hali moja ya kutatanisha: simu inazunguka tu ikitafuta anwani ya IP na haiipati, au kompyuta inaonyesha anwani inayoanza na 169.254. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kukosa jibu. Chomoa ruta, hesabu hadi thelathini, chomeka. Isipopona, tazama nyuma yake: kuna kebo ambayo ncha zote mbili zimeingia kwenye ruta hiyohiyo? Unacheka, lakini nimeshakuta. Mtoto aliona waya unaning'inia, akausogeza na kuuingiza kwenye tundu lililokuwa wazi. Data ikawa inazunguka humo ndani bila kutoka, taa zote za kebo zikawa zinapepesa pamoja kama wendawazimu. Nilichomoa ncha moja, nyumba ikatulia.

2. Umeme, na ile adapta isiyotiliwa shaka

Hapa Lubumbashi nikiambiwa ruta imekufa, swali langu la kwanza ni: umeme ulirudi saa ngapi? Vifaa vyote vikiwaka kwa pamoja baada ya kukatika, mara nyingi ruta huwa tayari kabla ya kisanduku cha faiba au dishi kuamka. Inaomba, haijibiwi, na nyingine hukata tamaa zikakaa hivyo. Zima vyote. Washa kwanza kifaa cha mtoa huduma, subiri dakika tatu, ndipo uwashe ruta. Fundi akikuambia zima na uwashe, hiyo ndiyo maana yake. Kubonyeza swichi ya ralonji (waya wa kurefusha umeme) mara moja na kutegemea bahati hakutoshi.

Sasa ile inayonikasirisha zaidi: adapta. Taa inawaka, kwa hiyo kila mtu anaamini umeme upo. Taa ya ruta ni kitu kidogo sana, inawaka hata umeme ukiwa haba. Kazi yenyewe, hasa kurusha waifai na kuhudumia simu sita kwa pamoja, inahitaji zaidi. Adapta iliyochoka ukiipima ikiwa haijachomekwa kwenye ruta itakuonyesha volti 12 safi kabisa. Ichomeke, iache ruta ianze kazi, upime tena: inashuka hadi 9 au 8, ruta inazimika na kuwaka upya. Dalili yake ni kwamba koneksio inakatika kila dakika chache, na zaidi jioni, nyumba nzima ikiwa kwenye waifai. Ukisikiliza kwa karibu, wakati mwingine adapta inalia kama mbu. Ukiishika, ina joto la sufuria.

Ukinunua nyingine, soma maandishi yake mwenyewe, usimwachie muuzaji akusomee. Volti ziwe zilezile: 12 kwa 12, 9 kwa 9. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe pungufu. Adapta ya ampea 2 kwenye ruta inayotaka 1 haina madhara yoyote, ruta inachukua kiasi inachohitaji. Tazama pia ule mchoro mdogo wa duara unaoonyesha kama chanya iko katikati ya kichwa cha waya au nje. Kichwa kuingia kwenye tundu hakuthibitishi kitu.

Na msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ukisikia ngurumo chomoa umeme, halafu chomoa na kebo inayoshuka kutoka juu ya paa. Watu huchomoa ya kwanza na kusahau ya pili, na radi inaingia kwa njia hiyohiyo. Ruta iliyopigwa hivyo huwa na tabia ya ajabu: inawaka, waifai ipo, lakini tundu la WAN, lile linalopokea intaneti kutoka nje, halioni kebo yoyote hata ukiichomeka mpya. Tundu hilo limeungua. Kuna ruta zinazoruhusu tundu moja la LAN, yale ya vifaa vya ndani, lifanye kazi ya WAN kwenye mipangilio. Ikiwa yako haina hilo, tafuta nyingine.

3. Njia yako ya kutoka ni ipi?

Ikiwa una faiba, tafuta kwenye kisanduku taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, au inapepesa nyekundu, maana yake mwanga hautufikii kutoka nje. Hakuna mpangilio wa ruta utakaouleta. Kitu pekee cha kufanya ni kufuata ule uzi mwembamba tangu ukutani hadi kwenye kisanduku. Ndani yake ni kioo. Ukikunjwa kwa kona kali nyuma ya kabati, au ukikaliwa na mguu wa kiti, mwanga unavuja palepale kwenye kona hata kama hakuna kilichokatika. Unyooshe, uuache na mviringo mpana kama sahani ya chai. Kichwa chake cha kijani kisukume taratibu mpaka kitoe mlio mdogo. Usikichomoe kukisafisha kwa shati, vumbi la shati ni baya kuliko lililokuwepo. Na usichungulie ndani ya uzi: mwanga unaoshuka kwako una mawimbi ya nanomita 1490, jicho halioni hata kidogo, na kutouona hakuuzuii kukudhuru. LOS ikibaki nyekundu baada ya hapo, piga simu. Pengine lori limepita na waya wa barabarani.

Ikiwa una dishi au kiboksi cheupe juu ya paa kinachotazama mnara, hapa ndipo ilipokuwa hadithi ya mama wa Katuba. Kebo inayoshuka kutoka juu haiendi moja kwa moja kwenye ruta. Inapita kwenye kijisanduku cheusi chenye matundu mawili yanayofanana kabisa. Moja limeandikwa POE na jingine LAN. La POE linapeleka umeme juu kwenye dishi kwa kebo hiyohiyo inayobeba data. La LAN linaleta data kwenye ruta. Aliyefagia asubuhi ile alivuta kijisanduku, kebo zikachomoka, akazirudisha kwa kubadilishana. Taa ya kijisanduku ikaendelea kuwaka vizuri, taa za ruta pia, na dishi likakaa juu ya bati bila umeme hata chembe. Nilichomoa mbili, nikazivusha, dakika mbili baadaye dishi lilikuwa hewani. Ila ruta ilishasahau nenosiri, tukangoja Jumatatu.

Tangu siku ile, kwa kila mteja mwenye dishi ninafunga utepe mwekundu kwenye kebo ya POE na mwingine kwenye tundu lake. Fanya hivyo leo kabla ya kuhitaji. Na kama kebo ziko sawasawa, panda ukatazame juu: bolti zilizolegea kwa upepo, tawi la mwembe lililokua mbele ya dishi tangu mwaka jana, kebo iliyokaushwa na jua mpaka imepasuka na maji yameingia. Usilizungushe dishi kwa kubahatisha. Digrii chache tu zinatosha kulipoteza, na kulirudisha bila kipimo ni kazi ya siku nzima.

Wenye Starlink, ambayo ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, iliipa leseni Mei 2025, wana shida moja zaidi ya zote: dishi linataka mbingu wazi pande zote, kwa sababu satelaiti zinapita, hazikai mahali pamoja. Mti au tangi la maji upande mmoja huleta mkatiko mfupi unaojirudia. Programu yake kwenye simu inakuchorea ni upande gani umezibwa.

Ikiwa ruta yako inatumia SIM, itoe SIM, iweke kwenye simu, jaribu intaneti. Ikikataa hata kwenye simu, tatizo ni kadi au fofe. Ikikubali, irudishe na uangalie kama ruta haidai namba ya PIN, na kama APN (jina la mlango wa intaneti wa mtandao) iliyoandikwa kwenye mipangilio ni ya mtandao wa kadi hiyo. Ukihama mtandao, APN ya zamani mara nyingine hubaki. Baada ya hapo ni mahali pa kuweka ruta. Chini ya bati, katikati ya nyumba ya matofali ya kuchoma, mawimbi yanafika yamechoka. Kwenye ukurasa wa ruta tafuta namba ya RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi: karibu na -80 ni nzuri, ikipita -110 usitegemee mengi. Sogeza ruta dirishani upande wa mnara, soma tena. Hapa mita moja ina maana.

4. Ukurasa wa ruta unasema nini

Ikiwa umefika hapa na taa zote ziko sawa, ingia ndani. Kwenye kivinjari andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta nyingi za SIM zinatumia 192.168.8.1. Lebo ya chini ya ruta inataja namba yake. Kama imefutika, fungua maelezo ya waifai kwenye simu. Simu iliyo kwa Kifaransa itaandika Passerelle, na namba iliyo mbele ya neno hilo ndiyo unayoitafuta.

Tafuta hali ya WAN. Unachotaka kuona ni anwani iliyo mbele yake.

Ikiwa 0.0.0.0, ruta imeomba kwa mtoa huduma na haikupewa kitu. Kebo iko kwenye tundu la WAN kweli, au imehamia LAN? Klipu ya plastiki ya kichwa chake bado ipo? Kebo isiyo na klipu hurudi nyuma milimita mbili na kuonekana kana kwamba imeingia. Ikiwa njia yako inaitwa PPPoE, yaani ya kuingia kwa jina na nenosiri, vyote viwili vimeandikwa humo, na ujumbe wa kukataliwa unaonyesha kwamba vimebadilika au malipo yamesimama. Pia umeme ukikatika ghafla, upande wa mtoa huduma unaweza kuamini kwamba bado uko ndani, ukakataa kukuingiza mara ya pili. Zima ruta dakika kumi nzima, waache wakusahau.

Ikiwa anwani inaanza na 100 na namba inayofuata ni kati ya 64 na 127, usishtuke. Watoa huduma wengi huwagawia wateja anwani za namna hiyo. Hiyo ni nzima.

Ikiwa inafanana na ya ndani, kwa mfano WAN ni 192.168.1.7 na ruta yenyewe inajiita 192.168.1.1, umekutana na ugomvi wa ruta mbili. Unatokea hivi: kisanduku cha mtoa huduma tayari ni ruta, na wewe ukanunua ya pili ili waifai ifike chumba cha nyuma. Zote mbili zinatawala mtaa wenye jina moja. Ujumbe ukifika kwenye ruta ya pili, haijui kama ubaki ndani au utoke nje, kwa sababu namba za pande zote mbili ni zilezile. Dawa ya haraka ni kubadilisha namba ya ndani ya ruta ya pili iwe 192.168.50.1, kuihifadhi na kushikana upya. Mimi napenda dawa ya pili: mpe ruta ya pili anwani isiyotumika na mtu, zima DHCP yake, ile kazi ya kugawa anwani, toa kebo kwenye WAN na uiweke kwenye LAN. Sasa haigawi tena anwani, inarusha waifai tu, na mashine ya kuchapishia inaonekana na simu zote za nyumba. Ukiwa na ruta mbili, hii inakuepusha na mengi.

5. Anwani ipo, kurasa hazifunguki

Andika kwenye kivinjari https://1.1.1.1 kama ilivyo. Kwenye kompyuta unaweza pia kufungua dirisha la amri na kuandika ping 8.8.8.8. Ikiwa namba hizo zinajibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, intaneti unayo. Ulichokosa ni DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Kwenye mipangilio ya ruta, mahali pa DNS, andika 8.8.8.8 na 1.1.1.1, hifadhi, washa upya. Hiyo ni kazi ya dakika tatu, na mtu akikutoza kama ya kubadilisha ruta, mwulize amebadilisha nini.

Ikiwa hata namba hazijibu, ilhali WAN ina anwani nzuri, umetoka nje ya nyumba yako na kilichobaki si chako. Waulize majirani wenye mtoa huduma huyohuyo. Wakati mwingine tatizo liko mbali kuliko unavyodhani: tarehe 14 Machi 2024 kebo nne za baharini, mojawapo WACS inayotia nanga kwetu Muanda, ziliharibika karibu na pwani ya Côte d'Ivoire, na nchi nyingi za Afrika zikakwama siku hiyohiyo. Hakuna sindano ya kutibu hilo.

6. Sindano, ikiwa ni lazima

Kuna sababu mbili za kuifikia: umesahau nenosiri la kuingia kwenye ukurasa wa ruta, au umevuruga mipangilio kiasi cha kutojua kurudi. Ukiweza kuingia, piga kwanza picha kila ukurasa wenye maandishi, hasa WAN, jina la PPPoE, namba ya VLAN (alama ya njia ya mtoa huduma) kama ipo, na APN. Nenosiri la PPPoE huonekana kama nukta tu, kwa hiyo liombe kwa mtoa huduma kwa maandishi, siku ya kazi, ofisi ikiwa wazi. Ukishalipata, liandike kwenye karatasi ya mahali pa siri; usilibandike kwenye ruta iliyo barazani.

Kisanduku cha mtoa huduma chenyewe usikifinye kamwe, hata ukiwa na haraka kiasi gani. Sindano ni ya ruta uliyoinunua mwenyewe.

7. Kupiga simu kwa mtoa huduma

Uwe na namba ya mteja mkononi. Mwambie saa koneksio ilipokatika, rangi ya taa ya LOS au ya dishi, anwani unayoiona kwenye WAN, na kwamba umeshazima kifaa chao dakika kumi na kujaribu kwa kebo bila waifai. Hiyo ya kebo ifanye kweli kabla ya kupiga, kwa sababu ndilo swali atakalokuuliza, na usipokuwa na jibu atakurudisha mwanzo wa foleni. Akikuambia finya kile kitundu cha nyuma, mwombe kwanza akusomee jina na nenosiri la PPPoE, herufi kwa herufi, ukiwa unaandika.